Kilo 63 za Akina Mama Wawili

Na Mganga Msaidizi, Magomeni, Mtwara



Siku moja asubuhi walikuja zahanati akina mama wawili. Hawakuja pamoja, ila walikutana kwenye benchi. Mmoja anatoka vijiji vya bonde la mto Ruvuma. Analima mpunga, anatwanga mwenyewe na kuni anabeba kichwani. Alikuwa amemsindikiza mjukuu wake mwenye homa. Wa pili anakaa hapa hapa Magomeni. Anauza maandazi na chai. Kazi yake ni ya kukaa, kutoka alfajiri mpaka adhuhuri.

Huyu wa pili alilalamika kiu. Alisema usiku anaamka mara nne au tano kwenda haja ndogo. Nilimwomba apande mizani. Kilo 63. Yule mkulima naye akasema, "Na mimi nipime, mwanangu, nijue." Akapanda. Kilo 63.

Nikawapima urefu kwenye ukuta. Wote wawili sentimita 150.

Mama wa maandazi akacheka. Akasema, "Unaona? Mizani inasema mimi na huyu mwenzangu tuko sawasawa. Yeye haumwi, basi na mimi siumwi. Nipe dawa ya kiu niende, maandazi yangu yanapoa."

Karibu nimwache aende. Namshukuru muuguzi wetu, mama mtu mzima, aliyetoka chumba cha pili na utepe wa fundi cherehani shingoni. Alisema, "Mwanangu, mizani imekwambia uzito. Haijakwambia uzito wa nini."

Alimpima kila mmoja kiuno, ndani, mlango umefungwa. Mkulima alikuwa na sentimita 74. Mama wa maandazi alikuwa na sentimita 97. Baadaye tulipima sukari ya damu ya mama wa maandazi tukakuta iko juu sana. Siku ile ile alikwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula.

Leo nataka tuzungumze habari hiyo. Kilo zilikuwa zile zile. Kwa nini miili haikuwa sawa? Na ni kipimo gani kinachoonyesha tofauti?

NDANI YA GUNIA KUNA NINI?

Sisi watu wa Mtwara tunajua korosho. Mkulima akipeleka gunia chama cha msingi, mizani inasema kilo ngapi. Lakini mnunuzi hatosheki na kilo. Anachukua korosho chache, anazipasua, anatazama kiini. Anajua kwamba sehemu kubwa ya uzito wa korosho ghafi ni ganda. Kiini ni karibu robo tu, na mara nyingine hakifiki. Magunia mawili yanaweza kuwa na uzito mmoja, moja likawa na kiini kizuri na jingine likawa na korosho mbovu.

Mwili wa mtu nao una vitu mbalimbali ndani. Kuna maji, ambayo ni karibu nusu ya uzito wa mwanamke, au zaidi kidogo. Kuna nyama, yaani misuli ya mikono, miguu, mgongo na moyo. Kuna mifupa. Na kuna mafuta. Mizani inajumlisha vyote. Haiwezi kusema hiki ni mafuta, hiki ni nyama.

Lakini mtu hatuwezi kumpasua kama korosho. Kwa hiyo wataalamu wametafuta njia za kujua kilichomo bila kupasua. Njia hizo ni nyingi. Nyingine zinahitaji mashine za bei kubwa, nyingine zinahitaji kamba tu.

Kabla ya kuendelea, akina mama wasiogope neno mafuta. Mwanamke ameumbwa na mafuta mengi kuliko mwanamume. Mwanamke mzima mwenye afya, karibu robo ya uzito wake ni mafuta. Wengine hufika karibu theluthi na hawana tatizo lolote. Mafuta hayo ni akiba ya kubeba mimba na kunyonyesha. Mwanamke akikonda kupita kiasi hata hedhi yake huweza kukatika. Kwa hiyo hatutafuti mwanamke asiye na mafuta. Tunataka kujua yako kiasi gani, na yako wapi.

MIZANI

Tuanze na mizani maana kila zahanati inayo, na stendi utamkuta kijana amekaa na mizani yake chini, unampa hela kidogo unapima.

Mizani ni chombo kizuri kikitumiwa vizuri. Iwekwe juu ya sakafu ngumu, si juu ya mkeka wala mchanga. Mshale uwe kwenye sifuri kabla hujapanda. Vua viatu. Weka chini kikapu, na mtoto mgongoni mpe mwenzio. Kama unapima kila mwezi, pima saa ile ile na nguo za aina ile ile. Nimeona mama akipimwa na khanga mbili zilizolowa mvua, halafu akaambiwa ameongezeka.

Unaweza pia kuijaribu mizani yenyewe. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Pima dumu tupu la lita 20, halafu lijaze maji mpaka alama ya lita 20, ulipime tena. Tofauti iwe kilo 20. Ikiwa ni 17 au 23, mizani hiyo inakudanganya.

Lakini hata mizani ya kweli ina udhaifu ule niliousema. Na nitawaeleza kosa langu mwenyewe, ili mwenzangu asilirudie.

Nilipokuwa ndiyo kwanza nimemaliza mafunzo ya cheti, nilifanya kazi katika zahanati nyingine. Alikuja mama mjamzito wa miezi minane. Kwa wiki moja alikuwa ameongezeka kilo tatu. Mimi nikafurahi. Nikamwambia, "Hongera mama, unakula vizuri, mtoto anakua." Nikaandika kwenye kadi. Mkunga mzee aliyekuwa karibu nami akainama, akambonyeza yule mama mbele ya mfupa wa muundi kwa kidole gumba, akahesabu taratibu mpaka kumi, akaachia. Pakabaki shimo. Akampima shinikizo la damu, likawa juu. Yule mama alikuwa na kifafa cha mimba kinachonyemelea. Alipelekwa hospitali jioni ile, akajifungua salama.

Kilo zile tatu hazikuwa chakula wala mtoto. Yalikuwa maji. Mizani haikukosea hata gramu moja. Niliyekosea ni mimi niliyeisoma.

Kwa hiyo mjamzito akiongezeka kilo nyingi kwa siku chache, akavimba uso na mikono, kichwa kikamuuma sana au macho yakaona giza, asisubiri siku ya kliniki. Aende siku hiyo hiyo. Na watu wengine pia huongezeka uzito kwa maji: mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye ugonjwa wa figo. Mwenye matende, ugonjwa tunaoujua sana huku pwani, anaweza kuwa na mguu mmoja wenye uzito wa kilo nyingi huku mikono yake imekonda. Mizani itasema ana afya.

UZITO NA UREFU

Mtu mrefu huwa na uzito kuliko mfupi. Hivyo si haki kumlinganisha mama wa sentimita 170 na mama wa sentimita 150 kwa kilo tu. Hapo ndipo ilipokuja hesabu ya uwiano wa uzito na urefu.

Hesabu hii aliianza Adolphe Quetelet wa Ubelgiji miaka ya 1830. Hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa hesabu na wa nyota, na alitaka kujua mtu wa kawaida yukoje. Mwaka 1972 mtaalamu wa Marekani, Ancel Keys, pamoja na wenzake waliijaribu hesabu hiyo kwa watu zaidi ya 7,000 na kuipa jina linalotumika sasa. Watu hao wote walikuwa wanaume! Lakini tangu wakati huo inatumika kwa wanawake wa dunia nzima.

Tuifanye pamoja. Chukua uzito kwa kilo. Gawa kwa urefu kwa mita. Jibu ulilopata, ligawe tena kwa urefu ule ule.

Mama mwenye kilo 54 na urefu wa mita 1.5:
54 gawa kwa 1.5 ni 36.
36 gawa kwa 1.5 ni 24.

Uwiano wake ni 24. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya 18.5 ni mwembamba kupita kiasi. Kuanzia 18.5 mpaka chini ya 25 ni kawaida. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Kuanzia 30 ni unene wa hatari. Kwa mjamzito hesabu hii haifai, maana ndani ya uzito wake kuna mtoto, kondo na maji.

Hesabu hii inafaa sana kwa kuangalia watu wengi kwa pamoja. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016, wanawake wa miaka 15 mpaka 49 walipimwa hivi nchi nzima. Katika kila wanawake 100, wapatao 28 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa hatari. Na 10 walikuwa wembamba kupita kiasi. Yaani nchi moja ina matatizo mawili kwa wakati mmoja. Mara nyingine hata nyumba moja.

Sasa turudi kwa akina mama wetu wawili. 63 gawa kwa 1.5 ni 42. 42 gawa kwa 1.5 ni 28. Wote wana 28. Wote, kwa hesabu hii, wamezidi uzito. Lakini mmoja ana misuli ya jembe na mchi, na mwingine ana mafuta tumboni. Hesabu imewaweka kwenye fungu moja, kama mizani ilivyofanya.

Jambo hili lilionekana zamani Marekani. Mwaka 1942 daktari wa jeshi la wanamaji, Albert Behnke, na mwenzake walichunguza wachezaji 25 wa mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na kugongana. Kwa jedwali la urefu na uzito la jeshi, 17 kati yao walikuwa wazito mno, hawafai kuwa askari. Behnke alitumia njia nyingine, akaona kwamba wengi wa hao walikuwa na misuli mingi na mafuta kidogo.

KUPIMA NDANI YA MAJI

Njia aliyotumia Behnke ni ya maji. Mtu anapimwa nchi kavu, halafu anapimwa akiwa amezama kabisa ndani ya maji, ametoa pumzi yake nje.

Mama yeyote anayepika anaelewa sababu yake. Mafuta ya nazi hukaa juu ya mchuzi, nyama huzama chini. Lita moja ya mafuta ya mwili ina uzito wa gramu 900 hivi. Lita moja ya nyama, mifupa na maji ya mwili kwa pamoja ina karibu kilo moja na gramu 100. Kwa hiyo mwenye mafuta mengi huwa mwepesi ndani ya maji, na mwenye misuli mingi huwa mzito. Hata bwana shamba akichagua mbegu za mikorosho huzitia majini. Zinazoelea huzitupa, zinazozama huzipanda.

Kwa miaka mingi njia hii ilikuwa ndiyo ya kupimia njia nyingine zote. Lakini fikiri, nani atamwambia bibi wa miaka 60 azame kichwa ndani ya pipa, atoe pumzi yote na atulie? Hata wavuvi wetu wangekataa. Ni njia ya maabara.

KUBANA NGOZI

Mafuta mengi ya mwili yako chini ya ngozi. Ukibana ngozi ya nyuma ya mkono wa juu kwa vidole viwili utayashika. Wataalamu wana koleo maalumu lenye alama za milimita. Wanabana nyuma ya mkono, mbele ya mkono, chini ya bega mgongoni na juu ya nyonga. Wanajumlisha, halafu jedwali linawaambia mafuta ni kiasi gani.

Jedwali lililotumika sana lilitoka Glasgow, Uskoti, mwaka 1974. Walitengeneza Durnin na Womersley, baada ya kupima wanaume 209 na wanawake 272. Ni kazi nzuri. Ila wanawake wale walikuwa wa Uskoti, nchi ya baridi, na si lazima mafuta yao yakae mahali pale pale yanapokaa kwa mama wa Mikindani au Msimbati. Halafu koleo linahitaji mkono uliozoea. Wapimaji wawili wakimbana mama mmoja hupata majibu mawili. Na kubwa kuliko yote, koleo haliwezi kushika mafuta yaliyo ndani ya tumbo, yanayozunguka utumbo na ini. Nayo ndiyo mabaya zaidi.

MIZANI YA UMEME

Siku hizi kuna mizani zinazoandika kilo, halafu zinaandika na mafuta kwa kila mia. Utaziona kwenye maduka ya dawa mjini, na vijana wengine huzitembeza. Watu wanazipenda kwa sababu zinatoa tarakimu nyingi.

Mizani hiyo hupitisha umeme mdogo sana kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Husikii kitu. Umeme hupita kwa urahisi penye maji na chumvi, yaani kwenye misuli. Kwenye mafuta hupita kwa shida. Mashine inapima shida hiyo, halafu inakisia.

Nasema inakisia. Kama umetoka kulima juani na hujanywa maji, itasema una mafuta mengi kuliko uliyo nayo. Kama umevimba miguu, itasema una misuli. Mimi mwenyewe nilipima asubuhi na nikapima tena baada ya kucheza mpira, na tarakimu hazikuwa zile zile. Je, mafuta yangu yalibadilika kwa saa mbili? Hapana. Ukiitumia, tumia mashine ile ile, saa ile ile, na usihangaike na tofauti ndogo. Mjamzito asiitumie, na mwenye kifaa cha umeme cha kusaidia moyo asiipande kabisa.

EKSIREI NA MAJI YA KUNYWA

Njia mbili hizi nitazipitia haraka, maana hazipo zahanati.

Ya kwanza ni eksirei ya miali miwili yenye nguvu tofauti. Mtu analala mezani, mashine inapita juu yake, na inatenganisha mifupa, mafuta na nyama. Inaonyesha hata mafuta ya mguu wa kulia na wa kushoto. Miali yake ni michache kuliko ya eksirei ya kawaida, lakini mjamzito hapimwi. Mashine ni ghali.

Ya pili ni ya kunywa maji yenye hidrojeni nzito kidogo kuliko ya kawaida. Hayana madhara kwa kipimo kinachotumika. Baada ya saa chache yanachanganyika na maji yote ya mwili, kama chumvi ndani ya ndoo. Wanachukua mate au mkojo na kuangalia yamezimuliwa kiasi gani. Hapo wanajua mwilini mna maji lita ngapi. Na kwa kuwa mafuta hayana maji karibu kabisa, wanapata mafuta kwa kutoa.

Njia ya namna hii ilitumika hapa Tanzania. Wataalamu wakiongozwa na Herman Pontzer waliwapima Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi. Matokeo yalitolewa mwaka 2012. Walikuwa watu wazima 30, kati yao wanawake 17. Wanawake wale walikuwa na wastani wa kilo 43 hivi, na katika kila sehemu 100 za uzito wao, karibu 21 zilikuwa mafuta. Ni karibu kilo 9. Hao ni wanawake wanaotembea sana wakitafuta chakula. Bado sehemu moja ya tano ya mwili wao ni mafuta.

UTEPE NA KAMBA

Sasa nimefika kwenye njia ninayotaka tuifanye sisi wenyewe.

Mafuta ya mapaja na makalio si adui mkubwa. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayoleta kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo. Na mwanamke akifikia umri wa kukoma hedhi, mafuta yake huanza kuhamia tumboni hata kama kilo haziongezeki. Kwa hiyo kiuno kinatuambia jambo ambalo mizani haiwezi kutuambia.

Tafuta utepe wa fundi cherehani. Gusa mbavu ya mwisho ubavuni, halafu gusa mfupa wa nyonga. Pima katikati ya hapo, si pale khanga inapofungwa. Simama wima, toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo ndani. Utepe uguse ngozi bila kuibana. Kwa mwanamke asiye mjamzito, kuanzia sentimita 80 hatari inaanza. Kuanzia sentimita 88 hatari ni kubwa.

Kama huna utepe, au tarakimu bado zinakusumbua, tumia kamba. Simama ukutani, mwenzio akate kamba sawa na urefu wako kutoka kisigino mpaka utosi. Ikunje katikati. Zungusha kiunoni. Ikizunguka na ncha zikakutana, vizuri. Zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako. Mwaka 2022 taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza iliwashauri watu wazima kuhakikisha kiuno hakifiki nusu ya urefu. Walio huko wana mashine zote nilizozitaja, na bado wamerudi kwenye kamba.

Mkulima wetu alikuwa na urefu wa sentimita 150. Nusu yake ni 75. Kiuno chake 74, kamba ikazunguka. Mama wa maandazi alikuwa na 97. Kamba ilibaki mbali sana.

Bibi mmoja aliponisikia nikieleza haya alicheka. Akasema, "Mjukuu wangu, sisi tulijua zamani. Shanga za kiunoni zikianza kubana, mtu anajua." Ni kweli kabisa. Shanga hazijui tarakimu, lakini zinajua kiuno cha mwaka jana.

Jambo la heshima nalo lisisahaulike. Mimi ni kijana wa kiume. Si adabu nizungushe utepe kwenye kiuno cha mama wa watu. Anapimwa na muuguzi wa kike, au anajipima mwenyewe, au shoga yake anampima. Kamba ina faida hiyo pia.

MKONO

Kipimo cha kiuno ni cha unene. Kwa wembamba tuna kipimo cha mkono wa juu. Wengi mmeuona utepe wa rangi tunaowapima watoto. Mama mtu mzima naye hupimwa. Mkono wa kushoto ulegezwe chini. Pima katikati ya ncha ya bega na kiwiko.

Kipimo hiki kina kazi kubwa kwa wajawazito, maana mimba haiongezi mkono. Tumbo likikua na kilo zikipanda, mizani inaficha ukondefu wa mama. Mkono hauufichi. Mjamzito mwenye mkono chini ya sentimita 23 anahitaji kuangaliwa lishe yake mapema. Kama tungekuwa na kipimo kimoja tu kwa mjamzito wa kijijini, pamoja na kile cha shinikizo la damu, mimi ningechagua utepe huu.

Na kuna akina mama wembamba kwa maumbile. Anakula, analima, mkono wake una sentimita 25, uwiano wake ni 20. Majirani wanamnong'ona kwamba ameathirika. Mama huyo hana upungufu wowote. Ila mtu aliyekuwa mnene akaanza kukonda bila kutaka, nguo zikamlegea mwezi hadi mwezi, huyo aje zahanati tumchunguze. Kinachotushtua ni mabadiliko. Wembamba peke yake si ugonjwa.

Mama wa maandazi alirudi baada ya miezi mitatu. Anatumia dawa za sukari alizopewa hospitali. Chai yake hatii sukari tena, na jioni anatembea kwa miguu mpaka ufukweni na kurudi. Alikuja amenuna. Alipanda mizani, ikasema kilo 61. "Miezi mitatu nahangaika, mwanangu, kilo mbili tu?"

Muuguzi akatoa kamba yake kwenye bahasha. Siku ile ya kwanza alikuwa ametia fundo mahali kiuno kilipofikia. Wakaingia ndani, wakafunga mlango. Walipotoka, kamba ilikuwa na mafundo mawili, na kati ya fundo na fundo palikuwa na sentimita sita. Mama akaiomba kamba ile akaenda nayo nyumbani.